Chumba cha Mbele

"Zunguka mbele," Gaynor Prosser alimwambia nesi, akiwa kaujaza mlango wa jikoni kwa mwili wake wote.

"Mbele wapi, jamani? Na mvua hii?"

"Mlango wa mbele, Sista Pugh. Nimeshaufungua."

Mairwen Pugh alicheka akidhani ni mzaha. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiingilia mlango huu wa uani, anausukuma kwa kiwiko na kuuliza kama humu ndani kuna chai au watu wamehama. Kisha hukaa kwenye kiti kilichopasuka karibu na ndoo ya kupigia deki, akazungumza na Gethin, mtoto wa Gaynor, aliyekuwa hakosi kizingitini na tumbaku yake ya kusokota. Walizungumza raga, kondoo wa watu, na sauti. Zile sauti alizozisikia Gethin kichwani tangu ujana wake, mpaka leo anakaribia miaka arobaini, zilitajwa pale kizingitini kama majirani wakorofi tu: leo wametulia, leo wameamka vibaya. Lakini leo Gaynor hakucheka wala hakusogea. Basi nesi akainua kola ya koti, akaifuata safu nzima ya nyumba zilizoshikana hadi mwisho wake, akaibukia upande wa pili ametota chapachapa, akabisha hodi kwenye mlango ambao hakuwahi kuugusa.

Kisa chenyewe kilikuwa cha furaha. Bonde zima lilikuwa limeshasikia dukani kwamba Mairwen amehitimu masomo yake kule mjini Cardiff, na sasa anaruhusiwa kuandika dawa yeye mwenyewe bila kumngoja daktari. Katika bonde lile mtu haishi kwa jina alilopewa na wazazi peke yake, kazi nayo humpa la pili. Muuza mikate ni Dai Mkate, mzika watu ni Emrys Sanduku, na Mairwen, aliyewadunga matako nusu ya wakazi, alikuwa Mair Sindano. Wiki haikuisha, akawa Mair Kalamu. Na mtu mwenye kalamu, kwa hesabu ya Gaynor, ni namna ya daktari, na daktari hanyweshwi chai kando ya ndoo ya deki.

Chumba cha mbele cha kina Prosser kilifunguliwa kwa watu wa aina tatu: mchungaji, daktari na maiti. Wa mwisho kulala mle alikuwa Ieuan, mume wa Gaynor, ndani ya sanduku la Emrys. Tangu hapo viti vilifunikwa shuka, na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vilikaa kabatini vikitazama tu. Leo shuka zilitolewa, hita ikawashwa, vikeki vya zabibu kavu vikapangwa kwenye sahani. Gethin aliitwa akaja na shati lililofungwa kifungo mpaka shingoni, mikono kaikalia, maana mama yake alimwonya asichafue viti.

"Hujambo, Geth?"

"Sijambo, Sista," alijibu akimtazama mama yake. Hakuwahi kumwita Sista hata siku moja.

Sauti zilikuwa zimemwandama tangu Krismasi. Gaynor alilieleza hilo kwa heshima zote, kama anayesoma tangazo kanisani. Mairwen akafungua kompyuta yake magotini, akafikiri, akasema ataongeza klozapini, ile dawa ya Gethin ya kutuliza sauti, kidogo, kidogo sana, halafu waangalie. Ilikuwa dawa yake ya kwanza kuiandika peke yake, na alipomaliza alikishika kikombe cha dhahabu kwa mikono miwili. Na kweli, siku si nyingi sauti zikatulia. Gaynor aliitembeza habari ile dukani kama mama wa bingwa.

*

Nerys, binti wa Gaynor, alikuja kula chakula cha Jumapili akiwa na orodha ya harusi kichwani na wasiwasi mwingi zaidi. Harusi ilikuwa Jumamosi baada ya Pasaka, kanisani Bethania. Baba hayupo. Atakayemshika mkono na kumpeleka mbele ya mchungaji ni kaka yake, na hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Gethin alikuwa akifanya mazoezi ya kutembea taratibu kwenye korido, mguu kwa mguu, mkono umekunjwa kana kwamba kuna mtu kaushika.

"Ila hivyo vidole, Geth!" Nerys akasema akimpa viazi. "Vya manjano hivyo! Kwenye picha watu watadhani nimeshikwa mkono na bata."

Walicheka wote. Gethin alicheka kuliko wote, kisha akavitazama vidole vyake kwa muda mrefu, viazi vikapoa. Utani wa dada hauna ubaya, lakini mtu aliyezoea kuchekwa na dunia nzima huubeba kwa uzito wake wote. Kesho yake asubuhi aliimwaga tumbaku yote jaani, na karatasi zake, na kiberiti.

"Usimwambie Nerys," alimwambia mama yake. "Usimwambie mtu, Mama. Ataviona siku yenyewe."

Gaynor aligeukia sinki ili asionekane analia. Mwanawe hakuwahi kuacha kitu kwa hiari yake katika maisha yake yote, vitu ndivyo vilivyomwacha yeye: shule, kazi ya kiwandani, msichana mmoja aliyeitwa Lowri. Alinunua malimau, kila jioni akawa anamsugua vidole mpaka ngozi ikawa nyekundu. Lile kopo la kizingitini lililokuwa la kuzimia sigara aliliosha, akalijaza udongo, akapanda ua.

Ua likashika. Gethin naye akaanza kulala.

Mwanzo alichelewa kuamka tu. Kisha akawa anasinzia mezani, kijiko mkononi. Mto wake ukawa unalowa mate kiasi cha kukamulika. Akitembea, miguu ilijikokota kana kwamba kavaa viatu vya marehemu baba yake, na ulimi ulikuwa mzito, akiitwa anaitikia baada ya muda. Gaynor alimtazama, na hasira zikaanza kumchemka taratibu. Kidogo sana, alisema yule. Kidogo sana! Alipokuwa mbeba sindano alikuwa mwenzetu, sasa kapewa kalamu, angalia.

"Mwambie basi," Olwen, jirani yake, alimshauri juu ya ukuta wa uani. "Mwite, mwambie dawa imemlemea."

"Nimwambie halafu iweje? Mara ya mwisho nilimwambia daktari kwamba kijana anasinzia, wakamchukua eti wambadilishie dawa. Alirudi majira yamebadilika, njia ya kwake haijui. Sasa hivi? Harusi hii hapa mlangoni?"

"Mairwen si yule daktari."

"Ana kalamu ileile," alisema Gaynor.

*

Nesi aliporudi, hita ilikuwa inawaka na vikombe vimepangwa. Kabla hajabisha, Gaynor alikuwa amemnawisha mwanawe uso kwa maji baridi, kamfuta kidevu, kamnywesha kahawa nzito, kamkalisha kwenye kiti chenye egemeo refu ili kichwa kisidondoke. "Dakika chache tu, mwanangu. Jikaze."

"Haya, tuambiane," alisema Mairwen, kompyuta magotini. "Usingizi vipi? Choo? Kula? Sigara?"

"Yote kama kawaida, Sista. Tunashukuru sana."

Ni jibu analopewa daktari. Daktari humsumbui, humwambii habari za choo juu ya kikombe cha dhahabu, wala humpi siri ya mtoto wako aliyekuomba usiitoe. Unamshukuru, unamwongezea keki, unamsindikiza mlangoni. Gaynor alilipokea adabu hiyo kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, na haikuwahi kumtupa.

"Mbona macho mazito hivi, Geth?"

"Alikesha na mpira," mama akawahi.

Mairwen alimtazama Gethin kidogo zaidi. Kama wangekuwa jikoni angesema twende tukavute hewa, na angekwenda kukaa naye kizingitini, na angekuta ua pale palipokuwa na vishungi vya sigara. Lakini mtu amekuwashia hita, amekutandikia kitambaa cha mezani, utamwambiaje hutaki chumba chake? Tena tuseme kweli: kile kikombe alikipenda. Katika kazi yake yote bondeni mle alipewa chai kwenye vikombe vyenye ufa, na mara moja kwenye gudulia la jamu. Hakuna aliyewahi kumpa kisahani. Akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, akala keki ya pili, akaondoka.

Gaynor alipofunga mlango, Gethin alikuwa amelala na mdomo wazi, mate yakishuka kwenye kile kiti alichokatazwa kukichafua. Mama yake hakumgombeza. Alichukua kitambaa akapangusa, akahesabu moyoni siku zilizobaki.

*

Mazoezi ya harusi yalifanyika kanisani Alhamisi mchana, siku mbili kabla. Mama wa bwana harusi, Bi. Hartwell, alikuwa ameendesha gari kutoka pwani na kofia yake ndani ya boksi, akapewa benchi la mbele, akawa anageuka nyuma kila baada ya muda.

Gethin alisimama mlangoni na dada yake. Suti mpya ilimkaa vizuri, na mikono aliificha mifukoni, kwa sababu siku yenyewe haijafika. Kinanda kikaanza. Walipiga hatua chache, Gethin akayumba, Nerys akamvuta. Hatua nyingine, akayumba tena.

"Amekunywa?" Bi. Hartwell aliuliza, si kwa kunong'ona.

"Amechoka tu," alisema Gaynor. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Saa nane za mchana?"

Katikati ya njia Gethin alisimama, akatazama juu kama aliyeitwa, kisha akaanguka chali. Mwili ukakakamaa, halafu mikono na miguu ikaanza kujitupa, kichwa kikigonga sakafu ya mbao, povu mdomoni. Nerys alipiga ukelele. Mpiga kinanda hakuona, akaendelea kupiga ubeti mzima. Gaynor alijitupa chini, akaweka mapaja yake chini ya kichwa cha mwanawe, akawa anasema maneno aliyokuwa akimwambia alipokuwa mchanga, tena na tena, mpaka gari la wagonjwa likafika.

*

Mairwen aliwakuta hospitali wodini, pazia limevutwa. Gethin alikuwa hai, amelala, mirija mkononi. Daktari wa zamu alikuwa amechukua damu na kwenda nayo. Gaynor alipomwona nesi alisimama.

"Umekuja kumtazama?" alisema. "Mtazame. Kidogo sana, eh? Umemlisha sumu mwanangu kwa kalamu yako."

"Mama, taratibu," Nerys akasema.

"Nyamaza wewe! Alikuwa anaongea, alikuwa anacheka, leo kaanguka mbele za watu kama mnyama na yule mwanamke anauliza kama amelewa!"

Mairwen alikaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa Gethin kama alivyozoea, akaugeuza chini ya taa. Akaugeuza tena. Vidole vilikuwa vyeupe, safi, vyekundu kidogo kwenye kucha kwa kusuguliwa.

"Geth," alisema kwa sauti ndogo. "Manjano yako yako wapi?"

Gethin alifumbua jicho moja. "Zawadi ya Nerys," alisema kwa ulimi mzito. "Usimwambie."

Nerys alijiziba mdomo. Mairwen aliushika mkono ule muda mrefu.

"Ameacha sigara lini?"

"Tangu Kwaresima inaanza," alisema Gaynor. "Kuna ubaya gani? Si mnawaambia watu waache?"

"Hakuna ubaya. Ni jambo zuri kabisa." Aliurudisha mkono wa Gethin juu ya shuka. "Gaynor, moshi wa tumbaku unaliharakisha ini, ini linaisaga hii dawa upesi. Kwa hiyo mvutaji tunampa nyingi. Akiacha, ini linapoa, dawa inabaki mwilini, inajaa. Kipimo ni kilekile, lakini ni kama tumemzidishia maradufu. Na mimi nilikuwa nimemwongezea."

"Kwa hiyo ningemwacha avute?"

"Ungeniambia. Ningepunguza siku ileile. Ndiyo maana nilikwenda kusoma, ili mtu asingoje wiki mbili kumwona daktari kwa jambo kama hilo."

"Ungeniuliza!"

"Nilikuuliza. Nilisema sigara, nililitaja neno lenyewe."

"Uliniuliza kwenye chumba cha mbele," alisema Gaynor.

"Na nani aliyenipeleka kwenye chumba cha mbele?"

Nyuma ya pazia mtu alikuwa akikohoa, na kigari cha chakula kilipita kikigongagonga. Gaynor alikaa chini taratibu, mkoba mapajani. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado ipo, ila sasa haikuwa na pa kwenda, ikamrudia yeye.

"Ilikuwa heshima," alisema. "Nilitaka kukuheshimu, Mair."

"Najua." Nesi alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Na mimi nilikipenda kile kikombe. Nilimwona macho mazito, nikamaliza keki yangu. Nimeshamwambia daktari yote hayo, na nimeandika kwa jina langu. Sasa tunasimamisha dawa kwanza, halafu tutaanza upya, chini kabisa. Atakaa hapa."

"Mpaka Jumamosi?" Nerys aliuliza. Alikuwa anajua jibu.

"Hapana, mpenzi wangu. Zaidi ya hapo."

*

Harusi haikuahirishwa. Wageni walikuwa njiani, ukumbi umelipwa, na Gethin mwenyewe alimsihi dada yake kwa maneno machache aliyoyaweza. Gaynor ndiye aliyempeleka bintiye mbele, akiwa amevaa kofia aliyoinunua ya kukaa nayo benchini. Bi. Hartwell alimshika mkono nje ya kanisa, akasema anasikitika, hakujua. Gaynor alisema asante. Picha zilitoka nzuri, jua lilijitokeza hata kondoo mlimani wakaonekana. Vidole vilivyosuguliwa kwa malimau yote yale havikuwemo katika picha hata moja.

*

Wiki ile Gethin aliporudishwa nyumbani, mlango wa mbele uligongwa. Gaynor aliujua ugongaji wa mkono ule. Aliinama kwenye tundu la kupitishia barua mlangoni, akasukuma kifuniko.

"Zunguka nyuma!"

"Gaynor, kunanyesha."

"Basi kimbia!"

Alisikia viatu vikiondoka vikilaani. Akaenda jikoni, akaweka birika, akatoa kikombe chenye ufa. Chumba cha mbele alikuwa amekifunga, na shuka zimerudi juu ya viti. Mlango wa uani ulipigwa kiwiko, Mairwen akaingia anadondoka maji, akakaa kwenye kiti kilichopasuka, begi sakafuni. Gethin alikuwa kizingitini chini ya kibanda kidogo cha mlango, lile kopo la ua katikati ya miguu yake, hana sigara. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa wazi.

"Hodi, Geth."

"Umelowa, Mair," alisema, na tabasamu likamtoka.

Gaynor alimimina chai. Tangu asubuhi alikuwa ameyapanga maneno. Angeweza kusema kama kawaida, tunashukuru. Ulimi wenyewe ulikuwa umeshajikunja tayari.

"Nikikwambia," alisema, "utaandika."

"Huenda nikaandika, huenda nisiandike. Lakini usiponiambia, nitaandika gizani."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Gaynor hakuujua msemo huo, lakini alivuta kiti, akakaa, akauchungulia mgongo wa mwanawe kizingitini, akaanza. Choo: hajaenda tangu juzi ya juzi. Mate: kidogo. Usingizi: anaamka mwenyewe. Tumbaku: hapana, hata moja, nimenusa mifuko yake, Mungu anisamehe. Nesi aliitikia kwa kichwa, akasema la choo watalishughulikia leo hii hii, si la kungoja. Kisha Gaynor akateremsha sauti.

"Na Ieuan amerudi. Tangu Jumapili. Geth anasimama naye koridoni, anazungumza na baba yake mlangoni pa chumba cha mbele. Mair, tafadhali. Nimempata juzi tu. Usinilazie tena mtoto hospitali."

Mairwen hakuligusa begi. Alichukua kikombe chake, akainuka, akaenda kukaa kizingitini, bega kwa bega na Gethin, mvua ikiwarukia viatuni.

"Nasikia mzee anakuja," alisema. "Anasemaje?"

Gethin alilizungusha kopo mpaka ua likatazama upande wake. Alifikiri, maana swali aliulizwa kwa dhati.

"Hana ubaya," alisema. "Anauliza tu mbona hanioni kwenye picha."